Mashine ya wafo na wafo za karanga badala ya mkate: miezi mitano ya kujaribu hapa Dodoma

Chai bila kitafunwa kwetu sio chai, na shida yote ilianzia hapo. Mama yangu ana kisukari, mwaka wa sita sasa, anakaa na mimi hapa Nkuhungu, na kliniki walishamwambia apunguze mkate, maandazi, chapati, vitumbua, yaani karibia kila kitu anachokijua cha kunywea chai. Akapunguza kweli. Alafu nikawa namkuta asubuhi kakaa barazani kashika kikombe, chai inapoa, hanywi. Namuuliza mama vipi, ananijibu "mwanangu hii chai haina mwenzake". Iliniuma sana aisee, maana mama sio mtu wa kulalamika, na kwa mtu mzima wa umri wake kile kikombe cha asubuhi ndo raha yenyewe.

Ndo nikaanza kuhangaika na wafo. Kwa ambao hamzijui ni ile mikate ya kubana kwenye mashine, inatoka na vishimo vishimo kama sega la nyuki. Za kawaida zinatengenezwa kwa unga wa ngano na sukari kwahiyo hazitusaidii kitu, ila kuna aina za wanga kidogo ambazo hazina ngano kabisa, na watu wanaofuata keto, yaani ule ulaji wa kupunguza wanga sana, wanazitumia kama mkate. Naandika hapa yote, mashine nilizonunua, mapishi niliyojaribu, kipi kimekubali na kipi kimekataa, na kipimo changu ni kimoja tu: mama anachovya. Kitafunwa kisichochovyeka kwenye chai kwake hakijakamilika.

Nianze na mashine maana hapa ndo nilipotupa hela. Ya kwanza nilinunua ya mtumba, elfu 25, kwenye duka la vyombo vilivyotumika vya kutoka nje, jina la duka nalihifadhi. Ilikuwa nzito, nzuri, inaonekana imara kweli. Muuzaji aliniwashia pale pale kwa sekunde chache, taa ikawaka, nikalipa. Nimefika nyumbani nimeichomeka, haijamaliza hata dakika tatu ikaanza kutoa harufu ya plastiki inayoungua, alafu moshi, alafu paa, swichi kubwa ikajizima nyumba nzima. Fundi alipoigeuza chini akanionyesha kibandiko kimeandikwa volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Akanieleza kwamba kifaa cha kupasha moto kama hicho ukikipa karibia mara mbili ya volti zake nguvu yake haipandi mara mbili, inapanda karibia mara nne, kwahiyo waya wa ndani hauna pa kuponea. Sasa naomba mnielewe vizuri, mashine, blenda, pasi, chochote cha mtumba kilichotoka Marekani au Japani, kabla hujauliza bei kigeuze chini usome. Ikiwa imeandikwa 100, 110 au 120 peke yake, achana nacho. Ikiwa imeandikwa 220 mpaka 240, nunua. Kunionyesha taa inawaka dukani hakukuwa na maana yoyote.

Ya pili nilinunua mpya, elfu 48, wati 750, ya duara, sahani zake zinagawa wafo vipande vinne vya pembetatu. Hii ndo niliyonayo mpaka leo, mwezi wa tano huu inapiga kazi kila siku asubuhi. Haina kitufe cha kuongeza wala kupunguza moto, ina taa mbili tu, nyekundu inamaanisha umeme umeingia na ya kijani inamaanisha imefika moto. Mwanzoni niliona ni upungufu ila nimeshaizoea na kiukweli kwa wafo za aina hii hauhitaji zaidi ya hapo. Malalamiko yangu ni mawili. Waya ni mfupi mno, lazima uiweke karibu kabisa na soketi, na plagi yake ni ya pini mbili za duara kwahiyo nikaongeza adapta. Usichukue adapta nyepesi zile za bei ya chini kabisa, mashine inavuta umeme wa kutosha na adapta dhaifu inapata moto. Sahani hazijaanza kuchubuka, na sababu ni kwamba sijawahi kugusa na kisu wala uma wa chuma, natumia mwiko mdogo wa mbao tu na nafuta na kitambaa chenye maji ikishapoa.

Umeme watu wengi wananiuliza. Wafo nne asubuhi zinanichukua kama nusu saa ukijumlisha na kuipasha, na mashine yenyewe inajizima na kujiwasha njiani, kwahiyo haifiki hata nusu yuniti ya LUKU. Mkaa ningetumia zaidi.

Haya sasa mapishi. Nilianza na ile ya jibini, iliyopata umaarufu sana Marekani mwaka 2019, yai moja na nusu kikombe cha jibini ya mozarela iliyokunwa, basi, unakoroga unamwaga unabana. Hakuna unga wowote. Jibini inayeyuka, yai linashika, vinaganda pamoja vinakuwa kitu kama mkate mwembamba wenye ukoko. Na kusema ukweli ikiwa ya moto ni tamu, wafo mbili katikati ukaweka nyama ya kukaanga na nyanya na kachumbari kidogo, unakula unashiba, mdogo wangu alikula tatu. Wanga wake ni kama hamna. Kama wewe unatafuta mkate wa kuwekea vitu katikati na bajeti yako inaruhusu, hii usijisumbue kutafuta nyingine.

Lakini kwenye chai imefeli kabisa. Mama alichovya, mafuta ya jibini yakaelea juu ya chai kama mchuzi, na harufu ya yai ikatoka yote. Akaiweka pembeni kwa adabu, akasema "asante mwanangu, ntakula baadae". Alafu bei. Robo kilo ya mozarela hapa mjini ilinitoa karibia elfu kumi na haikumaliza wiki. Sio kitafunwa cha kila siku kwa familia kama yetu, na sikuona sababu ya kung'ang'ania kitu cha mbali wakati tumezungukwa na karanga na ufuta na alizeti.

Karanga ndo jibu ambalo lilikuwa mbele ya macho siku zote. Mama ni mzaliwa wa Kongwa, na baba yake, yaani babu yangu, alikuwa kibarua wa kung'oa visiki kwenye lile shamba kubwa la karanga la Waingereza, lililoanza mwaka 1947 na likafutwa 1951 baada ya hela nyingi sana kupotea. Mama anasema babu alikuwa anasimulia jinsi matrekta yalivyokuwa yanavunjika kwenye mizizi, na jinsi ule udongo ukikauka unavyokuwa kama saruji mpaka karanga hazing'oki. Lile shamba likafa, ila wakulima wadogo wameendelea kulima karanga zao kwa jembe na zinatoka mpaka leo. Nilivyomwambia nataka kufanya mkate wa karanga macho yake yalibadilika, akaniambia kinu kiko wapi.

Kuhusu hesabu ya wanga, maana hapa ndo kwenye sababu yenyewe. Slesi moja ya mkate wa ngano ina wanga kama gramu 13 mpaka 15, na huo wa brauni haupishani sana. Slesi mbili ni karibia gramu 30 kabla hujagusa sukari. Karanga gramu 100 zina wanga kama gramu 16 na nusu yake ni nyuzinyuzi, protini ziko gramu 25 hivi, kinachobaki kikubwa ni mafuta. Wafo yangu moja inaingia karanga kama gramu 30 na yai moja, kwahiyo wanga wake ni gramu 5 au 6 tu na karibia nusu ni nyuzinyuzi.

Ila nguvu yake sio ndogo, wafo moja ina kalori zaidi ya slesi mbili za mkate, kwahiyo mtu asidhani anaweza kula tano. Moja inamtosha mama, siku akiwa na njaa mbili.

Na kuna kitu nakiona sana watu wanakosea, wanatengeneza wafo za uwele au mtama au muhogo wanasema ni za watu wa sukari kwa sababu ni vya asili. Uwele na mtama ni chakula kizuri na mimi ugali wake naupenda, lakini wanga wake ni gramu 70 na kitu kwa kila 100, haupishani na mahindi kwa maana ya kusema umepunguza. Unga wa muhogo ndo umezidi kabisa. Asili sio sawa na wanga kidogo, jamani tusidanganye wazee wetu kwa hili.

Jaribio la kwanza la karanga: karanga za kusaga, mayai, chumvi, beking pauda. Ilitoka na rangi nzuri ya kahawia, harufu nyumba nzima, ladha tamu sana. Mama akachovya. Kipande kikabaki kwenye chai, kikazama, kikageuka uji chini ya kikombe. Ngano ina ule mvuto wake unaoshika mkate, karanga hazina, yai peke yake linashika ikiwa kavu tu, ikilowa inaachia. Nikaongeza yai, ikawa kama kimanda. Nikapunguza karanga, ikakatika wakati wa kuitoa kwenye mashine. Wiki mbili nzima niko hapo hapo.

Wenzetu wa nje wanatumia maganda ya mbegu ya silyamu, hapa inauzwa kwenye maduka ya dawa kama isabgol kwa ajili ya kulainisha choo. Nilijaribu na inafanya kazi, ni kitu kinachovuta maji kinakuwa kama ute, na ule ute ndo unashika mkate badala ya ngano. Nikawa namweleza mama, nasema mama hiki kitu ukikitia maji kinavutika kinateleza, akanitazama akasema "si kama mlenda".

Kweli kabisa. Mlenda!

Jumamosi yake nikaenda soko la Majengo, nikamkuta bibi mmoja wa Kigogo anauza mlenda mkavu wa kusagwa kwenye ungo, nikamsalimia Mbukwenyi bibi, akafurahi, nikamwambia nataka wa kuweka kwenye mkate. Akaniuliza mara mbili kama nimesema mkate. Nikamweleza habari ya mama na sukari na chai yake, akanipimia akaniongeza na kiganja kizima juu, akasema mwambie mama yako nampa pole.

Sasa hiki ndo kilichokubali, na vipimo nimevirudia mpaka nimevikariri. Nusu kikombe cha karanga za kusaga, mayai mawili, vijiko viwili vya chakula vya mtindi, nusu kijiko cha chai cha mlenda mkavu, nusu kijiko cha chai cha beking pauda, chumvi kidogo. Inatoa wafo mbili. Koroga alafu uache dakika kumi, usiruke hii, mlenda unatakiwa unywe maji uvutike, utaona mchanganyiko umekuwa mzito unaning'inia kwenye kijiko. Paka mashine mafuta ya alizeti kidogo, mwaga, funga, na usifungue. Utaona mvuke unatoka pembeni, huo mvuke ndo saa yako, ukiisha au ukibaki kidogo sana ndo wafo imeiva, kwangu ni dakika tano mpaka sita. Ukifungua mapema inachanika katikati nusu inabaki juu nusu chini, na hapo hauna cha kuokoa. Mlenda usizidishe, nilijaribu kijiko kizima ikawa inateleza mdomoni na rangi ikaenda kijani.

Mama akachovya. Kikatoka kizima. Kimelowa, kimelainika, kizima. Akala hajasema kitu, akachovya tena, akamaliza wafo yote alafu akaomba chai ya pili. Sikuwahi kufikiria ntafurahi hivyo kwa sababu ya kipande cha kitafunwa, nilienda jikoni nikasimama kidogo kwanza.

Ladha, nisiwadanganye, sio mkate. Ni karanga, na mlenda unaacha kaharufu ka majani kwa mbali ambako baada ya siku tatu haukasikii tena. Haina ule ulaini wa kuvutika wa boflo, na ukikaa na hamu ya boflo kichwani utaona imepungua. Wanangu walikataa wiki ya kwanza, saivi wanagombania ukoko wa pembeni. Na parachichi lenye chumvi na ndimu inaendana vizuri sana. Na mchuzi wa nyama sio sana, inanyonya taratibu.

Karanga zenyewe sasa, hapa naomba uwe makini kuliko kwenye kitu kingine chochote. Mwaka 2016 watu huku Dodoma na Manyara waliumwa na wengine walifariki kwa sumukuvu, ile ilikuwa kwenye mahindi hasa lakini kuvu wale wale wanashambulia na karanga, na sumu yake haiishi kwa kukaanga. Kwahiyo sinunui karanga zilizokwisha kusagwa hata siku moja, maana hujui ndani yake kulikuwa na nini. Nanunua nzima, mara nyingi soko la Job Ndugai, namwaga kwenye ungo mchana kwenye mwanga, natoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotoboka, zenye ukungu, zote natupa, na situpii kuku. Mama ndo msimamizi wa hilo zoezi na mkono wake hauna huruma. Kisha nakaanga kidogo tu mpaka ganda jekundu litoke, napepeta, nasaga. Ukitumia blenda washa na kuzima, washa na kuzima, ukiiacha iende moja kwa moja mafuta yanatoka unapata siagi ya karanga, ambayo ni tamu lakini sio unga. Mama anapendelea kinu na kiukweli ya kinu inatoka nzuri zaidi, punje punje kidogo, wafo inakuwa na ukoko wa kutafunika. Mashine ya kusagia mahindi usipeleke, zitaganda huko na mwenye mashine atakulaumu.

Kwenye kutunza, kosa langu la kwanza lilikuwa hotipoti. Ukiziweka za moto ukafunika zinatoa jasho zinalowa. Ziweke kwenye ungo zipoe kwanza, alafu ndo ufunge na kitambaa. Na miezi ya upepo huku kwetu, wa sita, wa saba, wa nane, usiziache wazi, mpaka saa nne zimeshakuwa ngumu kama kuni. Kwenye friji zinakaa siku tatu, asubuhi unairudisha kwenye mashine dakika moja inarudi kama mpya. Umeme ukikatika katikati ya kupika acha imefungwa hivyo hivyo, moto uliobaki kwenye sahani unaweza kuimalizia kama ilikuwa imefika nusu, mimi imenitokea mara kadhaa.

Matokeo kwa mama. Tulimwambia daktari kabla ya kuanza, na hili nasisitiza kwa sababu alikuwa anatumia dawa mbili za kisukari, metformin pamoja na glibenclamide, na hiyo glibenclamide inashusha sukari hata kama hujala wanga wa kutosha, kwahiyo ukipunguza chakula ghafla na dozi ikabaki ile ile unaweza kumwangusha mzee wako. Vile vile kwa wanaochoma insulini. Daktari alipunguza dozi na akatwambia tupime mara kwa mara. Siku za slesi mbili, masaa mawili baada ya chai, kipimo chetu cha sukari cha nyumbani kilikuwa kinapita 12 (mmol/L). Siku za wafo kinakaa 8 au 9. Chai haina sukari siku zote mbili, ni tangawizi na mdalasini. Ni mama yangu mmoja na kipimo kimoja cha nyumbani, kila mtu apime wa kwake. Na mwenye mzio wa karanga asiguse kabisa, jaribu ufuta peke yake, niliujaribu mara moja, unashika vizuri ila una uchungu kidogo.

Kwa gharama, trei ya mayai ndo inayouma zaidi, karanga kilo moja inanipa wafo kama 30 ukishatoa mbovu. Ukipiga hesabu wafo moja ni ghali kuliko slesi mbili, kwahiyo kwetu wafo ni za mama na za yule anayetaka siku hiyo, sio nyumba nzima kila siku. Mashine naipa nne kwa tano, nyota moja nimeitoa kwa waya na plagi. Wafo ya jibini mbili na nusu, ni tamu lakini sio yetu. Wafo ya karanga na mlenda, kwa nyumba yenye mtu wa kisukari anayependa chai yake, naipa tano bila kusita.

Kwa mlenda, nenda Majengo asubuhi na umwambie muuzaji unataka mkavu ambao haujachanganywa na magadi, maana magadi yanabadilisha ladha na beking pauda unayo tayari. Uchekeche kwa kitambaa chepesi kabla ya kutumia, hata ukiuona msafi vipi, majani mengi yanaanikwa chini na mchanga hauonekani mpaka uwe mdomoni.